Mzimu Niliouleta Gatsata

Jumatatu, 4 Agosti

Koo limekauka tena. Vumbi la Gatsata, halafu ile filamu ya jana ya Wakorea: jeshi zima linapigana, na sauti ya wote ni mimi peke yangu. Nimekunywa tangawizi, nimesukutua maji ya chumvi. Bado sauti inakwaruza tu.

Fidel kaleta flashi mpya. Fidel ndiye mwenye banda, skrini na spika. Mimi ndiye mdomo. Filamu inakwenda kwa lugha yake, mimi nimekaa pembeni na maikrofoni naieleza kwa Kiswahili. Wanyarwanda wanaita agasobanuye. Wanaofanya kwa Kinyarwanda ni wengi na wote wanaume. Kwa Kiswahili, kwa Wakongomani, Warundi na sisi tuliokulia Bujumbura, hapa Gatsata niko mimi tu, Domitila. Asiyetaka sauti ya mwanamke, njia ile pale.

Mpya yenyewe ni mfululizo wa majumba ya kale ya Ireland na mizimu yake. Nikamwambia Fidel, Ireland ndiyo wapi? Nani ataacha bia yake aje kutazama mawe? Akasema tazama kwanza. Nimetazama. Yesu Maria! Mvua, ukungu, kunguru, na damu hadi kwenye ngazi. Mtu kamchoma mwenzie kisu mezani, sahani hazijaondolewa. Mwingine kasukumwa shimoni juu ya vyuma vyenye ncha, akaachwa humo akilia mpaka akanyamaza. Halafu wajukuu wanashangaa kwamba nyumba haina usingizi. Itautoa wapi?

Kiingereza chao sikipati hata nusu. Yako maandishi ya Kifaransa chini. Yanatosha, mengine nitatia mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Banda limejaa. Mafundi wa gereji, wauza spea, wabeba mizigo wa stendi ya Nyabugogo waliopanda huku kupumzika. Wengine wamesimama mlangoni.

Sehemu ya kwanza ni ya mwanamke mwenye gauni jekundu. Wamemuua mtoto wake mbele yake, akajichoma, sasa anatembea ngazini na kisu mkononi. Jina lake la Kizungu sikulitaja hata mara moja. Ndiyo kazi yetu ilivyo. Mtu mwenye jina la kule watazamaji hawamshiki, anawateleza. Mpe jina la hapa, mpe mtaa, mpe kazi wanayoijua, mara moja anakuwa jirani. Nikamwita Shakila, akatoka mtaa wa Bwiza kule Bujumbura, akauza ndagaa. Walilia. Wanaume wazima wenye grisi kwenye shingo walilia.

Alipotokea aliyemuua mtoto, fundi mmoja akarusha chupa kwenye skrini. Fidel akamtandika kofi akamtoa nje. Skrini imechubuka kidogo pembeni.

Nilifurahi, nasema kweli. Chupa ile ilikuwa sifa yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya pili, halafu chai kwa Goreti. Rafiki yangu huyu, tumetoka naye Bujumbura, tulirudi nchi hii ndani ya basi moja. Amekonda mpaka pete inamzunguka.

Mume wake, Anakleti, alikufa mwaka jana ndani ya gereji yao, chini ya Hiace. Jeki iliteleza, ndivyo tulivyoambiwa. Gereji ilikuwa yake na mdogo wake Silasi. Wale ndugu wawili walikuwa na lugha yao. Kompresa inapiga kelele, husikii mtu, basi aliye chini ya gari anagonga chasisi kwa spana. Mara mbili, pandisha jeki. Mara tatu, shusha. Ko, ko, ko. Mtaa mzima unaijua hiyo, hata watoto wanaichezea.

Sasa Silasi amefunga geti. Goreti haruhusiwi kuingia. Mjane haruhusiwi kukanyaga mahali mume wake alipotoka jasho! Anataka kiwanja kiuzwe, achukue fungu lake, ahamie Kabeza kwa dada yake. Silasi anasema hakiuzwi. Hatoi sababu. Anapiga ulimi, anatikisa lile fungu lake la funguo, anaondoka. Eti karo ya watoto analipa. Hiyo ni hongo, nimemwambia Goreti. Analipa ili ufunge mdomo.

Goreti akatazama kikombe tu. Akasema, "Acha, dada Domi."

Siachi. Mwizi wa mjane simwachi.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimefanya jambo.

Sehemu ya tatu. Jumba lina kanisa dogo juu kabisa, paa limeanguka. Ndugu wawili wanagombea urithi. Mmoja ni padri. Yuko altareni anaadhimisha misa, mwenzie anaingia na upanga anamkata mgongoni mbele ya familia yote. Padri anaangukia altare, damu inashuka kwenye ngazi. Mpaka leo usiku watu wanaona mwanga kwenye dirisha la kanisa lile na hakuna mtu ndani.

Yule muuaji nikampa fungu la funguo. Kila akitembea, cha-cha-cha. Nikampa kupiga ulimi. Nikampa na Kiswahili cha Silasi, kile cha kusema "gali" na "spala", kinachonichekesha siku zote. Jina sikumpa. Ya nini? Waliangua kicheko, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Wameelewa.

Padri nikamfanya fundi. Na mzimu wake nikaufanya ugonge. Kwenye filamu haugongi, unawasha mwanga tu. Mimi nikachukua spana ya Fidel nikagonga mguu wa meza mbele ya maikrofoni. Ko. Ko. Ko. Nimeona mikono ya watu inasisimka.

Fidel kaniambia nimevuka mpaka. Nikamwambia Silasi ndiye aliyevuka, mimi namwonyesha tu alipokanyaga.

Alhamisi, 14 Agosti

Wameiomba tena. Tumeirudia mara mbili, banda halitoshi. Safari hii walikuwa wananisaidia kugonga, kwa miguu, wote pamoja. Ukuta wa mabati ulitetemeka.

Asubuhi geti la Silasi lilikuwa limemwagiwa oili chafu. Nimepita kulitazama. Alikuwa anasugua mwenyewe kwa mchanga na sabuni. Hakunitazama.

Moyo wangu ulikuwa mtamu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamemuua mbwa wa gereji. Wamempasua kichwa kwa rimu ya gari wakamlaza mbele ya geti, ulimi nje. Mbwa mzee, jina lake Simba, alikuwa hali chochote ila mikate ya wateja. Alikuwa wa Anakleti.

Hiyo sikuipenda. Mbwa kafanya nini?

Jumapili, 17 Agosti

Sasa wanasema unagonga. Mzimu. Jioni, mafundi wakishakwenda, ndani ya gereji iliyofungwa: ko, ko, ko. Mwanamke wa mandazi kasikia. Wauza spea wa jirani wamesikia. Mafundi wawili wa Silasi wameacha kazi, wamekimbia bila hata kuchukua ovaroli zao. Wateja wanapeleka magari kwingine.

Nimecheka mbele yao. Nyumbani sikucheka. Mzimu ule nimeutunga mimi, Jumanne, kwa spana ya Fidel. Najua ulipozaliwa, ni kwenye mguu wa meza. Unawezaje kutoka?

Nimemweleza Goreti. Kikombe kimemtoka mkononi kikapasuka. Akaokota vigae na kujikata, damu chapa chapa kwenye sakafu, na hakuonekana kusikia uchungu.

Jumatano, 20 Agosti

Silasi kaja bandani. Mchana, nikiwa peke yangu naunganisha nyaya. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mtu mrefu, mabega yameanguka.

"Mama Domitila," akasema, "hiyo filamu acha."

Tu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Nikamuuliza alikuwa wapi siku ndugu yake anakufa. Akasema, Nyabugogo, kununua beringi. Nikamuuliza, na nani kakuona? Nikamuuliza, mbona unamfungia mjane geti? Akazungusha kofia mkononi. Nikamwita mwizi. Nikamwita Kaini. Akasema polepole, "Wewe iko naona filamu tu." Kiswahili chake kile kile.

Nikampiga kofi. Kofi la nguvu, mkono uliniwasha mpaka jioni. Funguo zikamwanguka. Aliinama, akaziokota, akavaa kofia, akaenda.

Mtu asiye na hatia angenirudishia. Ndivyo ninavyojiambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimesikia kwa masikio yangu.

Nilikwenda jua linazama, nikajifanya nanunua mandazi. Geti limefungwa, kufuli kwa nje. Ko, ko, ko. Kimya. Halafu tena, ko, ko, ko. Chuma kwa chuma. Sauti inatoka chini, usawa wa ardhi. Mwanamke wa mandazi alifunika karai akaondoka na mafuta yakiwa bado moto.

Nimesali rozari nzima. Anakleti, kama ni wewe, nisamehe kwa kukuchezea. Kama ni wewe, basi nilisema kweli.

Alhamisi, 28 Agosti

Kumekuwa kubaya. Kijana anayeuza vioo vya magari kapigana na fundi wa mwisho wa Silasi, aliyebaki kumtetea. Wamepigana kwa vyuma. Mmoja sikio limening'inia, mwingine meno mawili chini. Vumbi na damu vimeganda barabarani na pikipiki zinapita juu yake.

Fidel anataka turuke sehemu ya mwisho. Ni ya kanisa lile tena, wanarudi kuchimba shimo la mifupa. Nikamwambia ukiruka mimi naondoka na sauti yangu, na utabaki na picha bubu. Akakubali. Watu wameshakata tiketi, na yeye anapenda banda lijae kuliko mimi.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi mbaya. Sijali.

Jana asubuhi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulizibua mtaro. Baada ya kazi, mkutano wa mudugudu, yaani mtaa wetu, chini ya turubai. Mkuu wetu ni Konsesa, mama mtu mzima, kovu limempita shingoni mpaka nyuma ya sikio. Hakuna anayemuuliza kovu hilo. Akaniita nisimame mbele ya wote. Akaniambia niache kumtaja mtu.

Nikasema, sijamtaja mtu, mama. Ni filamu ya Ireland.

Akasema, "Sisi hapa, mwaka ule wa mauaji, tulishasikia majina ya watu yakitajwa redioni. Wewe ulikuwa Bujumbura."

Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikaona haya, haya ikageuka hasira, palepale. Redio na banda la filamu wapi na wapi? Ati mimi wa Bujumbura! Nikaketi na hasira yangu. Mchana nikaingia bandani nayo.

Sehemu ya mwisho. Wanachimba shimo la chini ya kanisa. Mifupa inatoka, mikokoteni mitatu. Hapo nilipaswa kunyamaza niwaache watu watazame. Nikasimama. Nikagonga. Ko, ko, ko. Nikawauliza, nani yuko chini? Wakajibu, Anakleti! Jina wamelitoa wao. Nikauliza, na nani yuko juu? Wakalitoa na hilo. Nikauliza, na sisi tunafanya nini na mtu kama huyo?

Nilikuwa nauliza tu. Katika kazi yetu unauliza, wanajibu, banda linachangamka. Nimefanya hivyo kwenye filamu za kungfu mara nyingi.

Walitoka. Filamu ilikuwa bado. Walitoka kama maji ya bomba lililopasuka na mimi nikabaki na maikrofoni mkononi nasema "Kaeni, kaeni, haijaisha." Spika zilikuwa bado zinapiga. Hakuna aliyesikia.

Nilikimbia. Walipofika geti walilivunja kwa shoka la zimamoto la duka la jirani. Silasi alikuwa chini ya ile Hiace. Chini yake kabisa, chali, spana mkononi. Wakamvuta kwa miguu. Jiwe la kwanza lilimpata kifuani. Spana yake mwenyewe wakamnyang'anya wakampiga nayo mdomoni. Nimesikia taya likivunjika. Najua sauti nyingi za filamu, hiyo sikuwahi kuisikia. Walimpiga kwa mikanda ya kompresa, kwa rimu, kwa viatu. Mmoja alikuwa anahesabu. Mmoja alikuwa anagonga bodi ya Hiace kwa mdundo wangu. Mdundo wangu!

Nilichukua jeki ndogo nikampiga yule wa spana mgongoni. Nikamlalia Silasi juu. Nikalia, ni mimi, ni mimi nimetunga, ni uongo! Wakaendelea. Chuma kikanishukia mkononi, mfupa ukatoa sauti. Meno ya Silasi yalikuwa kwenye shingo yangu, damu yake inaniingia sikioni. Alikuwa anajaribu kusema kitu na mdomo hauwezi.

Wazee wa doria walifika na fimbo, Konsesa mbele yao. Aliwatandika yeye mwenyewe. Polisi wamewachukua wanne. Banda limefungwa. Nimeandikisha maelezo na nimesema yote, hata lile swali.

Silasi yuko hai. Taya vipande vitatu, mbavu, jicho moja halijulikani.

Jumanne, 2 Septemba

Goreti kaja kunipikia. Alipika, akaosha vyombo, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Kisha akakaa sakafuni karibu na mlango, akasema yeye ndiye.

Yeye ndiye aliyeshusha.

Siku ile alipeleka chakula cha mchana. Silasi alikuwa Nyabugogo kweli. Anakleti yuko chini ya Hiace, kompresa inapiga. Akasikia ko, ko, ko. Mara tatu. Alikuwa amesaidia hivyo mara nyingi, wake wa mafundi wote wanajua. Akaweka sufuria chini, akazungusha mkono wa jeki, akashusha. Anakleti hakuwa anaita. Alikuwa anagonga boliti iliyokwama.

Silasi aliporudi alimkuta amekaa kwenye tope la oili ameshika kiatu cha mume wake. Akamwinua, akamnawisha mikono, akamwambia: wewe hukuwepo. Jeki imeteleza. Watoto wasikuangalie kwa jicho la kukulaumu. Hiyo ndiyo sababu alimfungia geti. Kila alipoingia pale Goreti alikuwa anataka kupiga ukunga aseme. Na kiwanja hakuuza kwa sababu ni cha wale watoto, aliapa kuwatunzia.

Na kugonga? Nikamuuliza, na kugonga kwa jioni?

Ni Silasi. Alikuwa anajifungia, fundi aliyebaki anampigia kufuli kwa nje ili asisumbuliwe. Analala alipolala ndugu yake, anagonga boliti, anasikiliza. Anagonga chasisi, anasikiliza. Alitaka kujua kama mtu aliye juu anaweza kutofautisha. Mwezi uliopita alimwambia Goreti kwamba amejaribu sana, na haiwezekani, hata yeye mwenyewe angeshusha.

Nilichukua sufuria ya maharage nikaitupa ukutani. Ya moto. Nikamshika Goreti nywele kwa mkono wangu mmoja mzima nikambamiza mlangoni. Ulinitazama! Jumapili zote zile ulinitazama nikimla mtu nyama! Ulikunywa chai! Hakujikinga. Alisema, "Nilikuambia acha, dada." Kisha akasema, "Ilikuwa tamu, kusikia kwamba ni mwingine."

Nikamwachia. Tulikaa tukaokota maharage, yeye upande ule, mimi upande huu. Pua yake ilikuwa inatoka damu na nilimpa kitambaa changu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilimwomba Konsesa nafasi, akanipa. Chini ya turubai lile lile. Nilikataa kipaza sauti. Nikasema kwa koo langu, lenye mikwaruzo, mbele ya wote: Silasi hakuua mtu. Yule muuaji wa filamu, zile funguo nilimpa mimi. Kule kugonga nilikutunga mwenyewe. Filamu haikuwa na fundi wala spana, ilikuwa na padri wa Ireland ambaye hatumjui na ndugu yake ambaye hatumjui.

Mtu wa nyuma akapaza sauti, basi nani? Wengine wakaitikia: nani? Nani? Siku saba tu zimepita! Hamu ile ile, macho yale yale. Niliogopa kuliko siku ya vyuma. Nikasema sina jina la kuwapa, wala leo wala kesho. Mwanamke wa mandazi akanitemea mate miguuni. Ana haki, mwanawe ni mmoja wa wale wanne.

Goreti alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilimwona anajishika magoti anataka kusimama. Nikamtazama kwa jicho kali: si hapa. Si kwa hawa.

Mkutano ulipoisha alikwenda nyumbani kwa Konsesa, kwa miguu yake. Walikaa ndani mlango umefungwa. Alitoka macho yamevimba. Jumatatu watakwenda pamoja polisi kuandikisha maelezo. Sijui watamfanya nini, wala yeye hajui. Amekula chakula chote leo, nimemwona.

Alhamisi, 11 Septemba

Fidel anauliza nitarudi lini, banda likifunguliwa. Kuna mfululizo mwingine, wa magereza ya kale, nao una mizimu. Nimemwambia hapana. Akasema basi vichekesho. Nimemwambia nitafikiri, nikajifungia ndani nikalia kwa kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Aligonga, nami nikapiga ukelele. Maskini, alidhani nimeumizwa.

Goreti ameandikisha maelezo yake. Wamemwambia arudi nyumbani asubiri wito. Watoto ameshawaambia mwenyewe. Mkubwa hajamsemesha tangu jana.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya kwanza. Imeanza wakati wa misa, ikatufuata mpaka hospitali. Vumbi lote limelala.

Goreti alikuwa hajawahi kwenda kumwona Silasi. Nimempeleka. Alibeba uji wa mtama kwenye chupa, mwepesi, wa kunyonywa kwa mrija. Silasi taya limefungwa kwa waya, hasemi. Jicho la kushoto wamelitoa. La kulia linaona. Ana kijiko, anagonga nacho ukingo wa kitanda akitaka kitu, na wauguzi wamemzoea.

Alikunywa uji kidogo. Mimi niliketi nyuma, nilikuwa sijui pa kuweka uso. Hakunifukuza. Hakunifanyia lolote.

Kitanda chake ni kile cha zamani, cha kupandisha na kushusha kwa kuzungusha mkono wa chuma kule miguuni. Walikuwa wamempandisha ili ale. Alipochoka akachukua kijiko akagonga chuma. Ko. Ko. Ko.

Goreti aliganda. Chupa ya uji ilibaki mkononi. Nikainuka nimwite muuguzi. Silasi akanyoosha kidole akanizuia. Akamtazama shemeji yake kwa lile jicho moja. Akagonga tena, polepole, mara tatu.

Goreti aliweka chupa chini. Akaenda miguuni pa kitanda, akapiga magoti, akashika ule mkono wa chuma. Kisha akazungusha. Kidogo. Akatua, akamtazama. Akazungusha tena. Silasi akashuka polepole mpaka akalala sawasawa, akaweka kijiko kifuani, akafumba jicho.

Tulikaa mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha, tukasimama barazani tukisubiri ipungue.